Kete Saba Kifudifudi

Kila Tusekile alipoingia wodi ya wanaume na ndoo yake, mzee wa kitanda cha kumi na moja aligeukia ukuta. Kugeuka kwake hakukuwa jambo dogo. Upande wote wa kulia ulikuwa umepooza tangu asubuhi aliyoanguka kituo cha mabasi pale Mbeya mjini, na ulimi nao ulikuwa umelala. Ili ageuke ilibidi aushike ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, ajivute, apumzike, ajivute tena, mpaka pua yake iguse chokaa. Akishafika hapo hutulia. Tusekile akimaliza kupiga deki na kutoka, mzee huanza safari ya kurudi.

Wauguzi walicheka siku za mwanzo, kisha wakaacha kucheka wakaandika. Faili lake lilisema: "Anageukia ukuta bila sababu." Na kwa kuwa aliitikia kila swali kwa kichwa, ukimuuliza ana njaa anaitikia, ukimuuliza ameshiba anaitikia, wakaongeza kwamba akili imemtoka. Watu wenye kalamu hawakawii kumaliza habari za mtu.

Tusekile peke yake ndiye aliyejua kwamba katika vitanda vyote ishirini na viwili hapakuwa na mwenye akili timamu kumshinda yule. Mzee Isakwisa alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, na Isakwisa alikuwa wa zamani hasa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Si kwamba wamegombana. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mkamwana akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani mpaka apite. Hamtazami usoni, hamsemeshi, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Mzee naye, kama ana adabu, humrahisishia kwa kugeuza uso. Wakristo wengi walikwisha kuyalegeza hayo, lakini Isakwisa, ingawa alibatizwa na aliimba besi kanisani, alisema hakuona mahali Yesu alipomkataza mtu kuwa na haya. Kwa hiyo katika miaka tisa ya ndoa Tusekile alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa koti lake la rangi ya udongo, na kwa mgongo.

Sasa kwa nini hakusema? Hapo ndipo penye aibu.

Mumewe Jailos alikwenda Kitwe, kwenye machimbo ya shaba, mwaka wa sabini. Miaka miwili barua zilikuja, halafu ukaja mkoba wenye vitenge viwili, halafu hakikuja kitu tena. Tusekile hakuwa na mtoto wa kumshika kijijini, akaja Mbeya akapata kazi ya uhudumu katika hospitali ya misheni, akapewa chumba kimoja katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Kila Jumapili baada ya ibada wanawake wenzake walimuuliza, "Bwana hajambo?" Naye alijibu, "Hajambo, anawasalimu." Mwaka uliofuata alijibu hivyo hivyo. Alizisambaza salamu za Jailos kwa miaka mitano, na safari moja, kwa maneno tu, akamwuguza malaria huko huko Kitwe mpaka akapona. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, lakini Jailos wa Tusekile alikuwa na lake kila Jumapili.

Jioni alikula peke yake na mlango ameufunga mapema, ili wapitao wasione kwamba hana mtu wa kula naye. Baridi ya Juni iliteremka kutoka mlima Loleza ikakaa naye. Alikuwa mpweke mno, na upweke wake ulikuwa wa aina mbaya, ule ambao mtu hawezi hata kuwaambia majirani, maana mjane hupewa pole, na mke hupewa hongera, na yeye hakujua apokee kipi.

Siku Isakwisa alipoletwa juu ya gari la kubebea mahindi, huku ukungu bado umefunika mlango wa hospitali, Sista Apolonia alisimama akauliza kama kuna anayemfahamu mzee huyu. Tusekile aliliona lile koti. Aliingia stoo ya mashuka akajifungia mpaka machela ikapita. Baadaye, wodi ilipokuwa kimya, alichukua penseli akaandika jina la mzee kwenye kadi yake. Mila ilikataza kulitamka; kuhusu penseli haikuwahi kusema kitu. Kila muuguzi alidhani limeandikwa na mwenzake. Angejitaja kuwa mkamwana, wangemuuliza mwana wa mzee yuko wapi.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtafuna. Baba mkwe hafungi safari kwenda mji anaokaa mkamwana wake. Akiwa na neno la kumfikishia humtuma mkewe, au ndugu yake, au mama wa jirani. Isakwisa hakubakiwa na mtu wa kumtuma: mkewe alikuwa kaburini, na ile operesheni ya vijiji iliwatawanya majirani wa zamani, huyu barabara hii, yule ile. Ndiyo maana alipanda basi mwenyewe. Na kati ya watu hawa wawili lilikuwepo neno moja tu duniani la kupandia basi, nalo ni Jailos. Labda anarudi. Labda ameoa mwingine huko. Labda amekufa. Mzee alikuja na jibu mdomoni, akaanguka hatua mia mbili kabla ya kulifikisha.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Daktari alipita vitanda na faili zake. Alikuwa mtu mwema, ila vitanda vilikuwa vichache. Akasoma la kumi na moja, akalifunga.

"Huyu hatuna la kumfanyia. Jumatatu arudishwe kwao."

Kwao ni wapi? Kibanda kando ya barabara ambacho hakuna wa kuwasha moto ndani yake. Tusekile alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda cha tisa na tambara lake. Alibaki hapo hapo mpaka viatu vya Daktari vikatoka, kisha akamfuata Sista Apolonia chumba cha mazoezi.

Sista Apolonia alikuwa Mbena wa kule Njombe, mwanamke mpana, mwenye mikono ya mkulima, aliyewafundisha wagonjwa kutumia viungo vilivyogoma.

"Sista, yule mzee ana akili zake zote."

"Wewe umejuaje?"

"Wewe ukiingia, anageukia ukuta?"

Sista akafikiri. "Hapana."

"Daktari akiingia?"

"Hapana. Tusekile, unataka kusema nini?"

"Ananigeukia mimi tu. Mimi ni mke wa mtoto wake."

Sista alikaa juu ya gunia la mipira. "Mwe! Wiki tatu unapiga deki chini ya kitanda cha mkweo, umenyamaza? Na sisi tunamwandika kichaa?"

"Nilinyamaza, Sista."

"Sasa alikuja kufanya nini huku?"

"Alikuja kuniambia kitu. Sijui ni kitu gani."

"Basi tumuulize! Mimi namuuliza, yeye anaitikia."

"Anaitikia kila kitu," Tusekile alisema, na hilo lilikuwa kweli. Kweli kubwa zaidi ni kwamba aliogopa. Alitaka kujua, na alitaka siku ya kujua isifike.

Sista akaenda kumwona Daktari, akarudi uso umemwiva. Daktari alikuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam kwa wiki sita. Mzee angebaki mpaka atakaporudi, kisha angempima mwenyewe. Si kwa kuitikia kichwa. Alitaka kuona jambo ambalo mtu aliyepotewa na akili hawezi kulifanya. Akilifanya, angebaki miezi mitatu ya mazoezi mpaka ulimi ujaribiwe. Asipolifanya, kwao.

Wakaanza na shanga. Isakwisa alizitazama, akazisukuma. Shanga ni za wanawake. Wakampa udongo wa kufinyanga, asiuguse. Ndipo Tusekile alipokumbuka mfuko aliokuja nao mzee. Ndani yake mlikuwa na shati, kitabu cha nyimbo, na kopo la mafuta ya kupikia lililolia likitikiswa. Hakuhitaji kulifungua. Zilikuwa kete za dhumna, ishirini na nane, za mfupa, alizorudi nazo kutoka Makongolosi alikochimba dhahabu ujanani.

Jailos alimhadithia habari za kete hizo mvua za kwanza za ndoa yao, walipokuwa wamefungiwa ndani siku nzima. Alikata kete za boksi akamfundisha mkewe mchezo wa baba yake pamoja na taratibu zake za kambini. Aliyekosa kete ya kucheza hasemi. Anagonga meza mara mbili. Kete za mwenzio huzichungulii. Na mwenzao akifa shimoni, wakitoka kumzika hukaa mezani, wanamgawia kete zake saba kama kawaida, wanazilaza kifudifudi kwa mstari mmoja, zimebanana, wanacheza mpaka mwisho, na hakuna anayezigeuza.

"Za nini sasa, na mwenyewe hayupo?" Tusekile alikuwa amemuuliza.

"Amekufa," Jailos alisema huku akicheka, "hajafukuzwa."

Walimwekea mzee kete za mfupa mbele yake. Macho yake yakawaka, tangu aletwe hayajawaka vile. Mkono wa kulia ukainuka kidogo, ukaanguka juu ya kete, ukazitawanya sakafuni. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu alizifagia zote kwa mkono mzima, akafumba macho, chozi likamtoka jicho moja.

Tusekile, aliyekuwa mlangoni akitazama sakafu, aliziokota zote ishirini na nane, akaenda kwa fundi.

Fundi wa hospitali alikuwa Kalinga, Mhehe wa Mlandege, Iringa, aliyeamini kwamba useremala uliishia Iringa na huku Mbeya watu wanapigilia misumari tu.

"Kamwene, fundi. Nataka hizi, lakini kubwa. Kama nusu mche wa sabuni."

"Kamwene. Nusu mche wa sabuni? Hiyo dhumna au matofali?"

Alizitengeneza kwa mabaki ya paini yaliyoletwa na lori la mbao kutoka Mafinga, akazipiga msasa mpaka zikang'aa. Zilikuwa nzuri za kutazama na hazikufaa kitu. Mkono wa mzee ulipozigusa ziliteleza mpaka ukingoni mwa meza. Kalinga akaudhika, akasema kete hazina kosa.

Basi Tusekile akakaa juu ya benchi la karakana, akaukalia mkono wake wa kulia. Aliukalia mpaka ukafa ganzi. Kisha akautoa, akajaribu kushika kete ya paini kwa mkono ule ambao hakuusikia kuwa ni wake.

"Ni nyepesi mno, fundi. Mkono uliokufa hausikii kitu chepesi. Na umezilainisha, hauna pa kushika."

 Kalinga naye, jitu zima lenye mvi, akaukalia mkono wake. Alipoinuka hakubisha tena. Za pili alizichonga kwa mninga, nzito, zenye kiuno katikati ambapo kidole gumba kingeingia. Namba hakuzipaka rangi. Alizitoboa matundu, ili kidole kizisome hata jicho likichoka. Chini akagundisha mpira wa tyubu ya baiskeli zisiteleze. Akachonga na vibao vyenye mfereji vya kuzisimamishia, maana mgonjwa wa mkono mmoja hawezi kuzishika saba kwa pamoja.

Ikabaki habari ya nani acheze naye. Sista alikuwa na wagonjwa thelathini. "Utacheza wewe," alimwambia Tusekile. "Mimi nina mikono miwili tu."

"Siwezi kukaa naye meza moja, Sista."

"Basi sema utawezaje."

Tusekile alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akafunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa ukuta wa pili, akatundika shuka la wodi katikati ya meza, likaishia shubiri moja juu ya mbao. Uso ndio ulioharamishwa. Vidole havikutajwa popote. Alijua wazee wa kwao wangeweza kubisha hapo, lakini wazee wa kwao hawakuwepo kumwonyesha njia nyingine.

Mwisho wa meza, ambapo pande zote mbili zilionekana, walimweka Budeba, Msukuma mfuga ng'ombe aliyehamia bonde la Usangu na jamaa zake, mkono wake umevunjwa na gurudumu la mkokoteni. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na ulimi wake ulifanya kazi ya wote watatu.

"Mwangaluka!" alisema kila siku alipoingia, salamu ya kwao ya asubuhi, hata saa tisa alasiri. "Leo nawafunga bana. Hii mzee namfunga, na wewe mama wa nyuma ya shuka nakufunga."

Sheria ya Tusekile ilikuwa moja: kete ichukuliwe kwa mkono mgonjwa. Mkono mzima uruhusiwe kushika kiwiko, basi. Siku ya kwanza kete moja ya Isakwisa ilichukua muda ambao ugali ungesongwa na kuliwa. Kutoka upande wake Tusekile aliona vidole vinne vya hudhurungi vikitambaa, vikisimama, kidole gumba kikitafuta kile kiuno, kikikikosa, kikikipata. Kete ikaja. Ikawekwa tano kwa tano, pale pale palipopaswa.

"Amecheza!" Budeba alipiga kelele. "Sista, njoo uone, amecheza, na mimi ameniziba!"

Ikawa zamu ya Tusekile, na hakuwa na tano wala nne. Bila kufikiri, akagonga meza mara mbili.

 Vile vidole vikatulia juu ya meza. Kikaja kikohozi, kile kile alichokuwa akikikimbia migombani. Halafu, ingawa haikuwa zamu yake, mzee naye akagonga mara mbili.

Alikuwa ametambua. Kugonga kule hakukujulikana Mbeya wala Rungwe; kulijulikana Makongolosi, na baada ya hapo kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alimfundisha mkewe. Tusekile alilia. Alilia bila sauti huku ameshika kete zake, na Budeba, ambaye aliona pande zote mbili, akatazama dari. Miaka mitano alikuwa amemzungumzia Jailos kwa watu wasiomjua. Leo mtu anayemjua amejibu.

Tangu siku hiyo saa tisa alasiri ikawa ndiyo saa yake. Asubuhi aliosha mabeseni huku akiisubiri. Mkono ule wa nyuma ya shuka haukumuuliza bwana hajambo. Uliweka kete, ukagonga, ukangoja. Wiki ya pili mzee alicheza mchezo mzima kabla ya kengele ya chakula. Wiki ya tatu kiwiko hakikuhitaji kushikwa. Sista alimwambia, "Mkono unarudi, Tusekile. Ulimi nao huenda ukafuata." Tusekile alifurahi, na usiku huo huo, ninavyosema ukweli, aliomba ulimi usiharakishe sana.

Wiki ya nne ndugu zake Budeba walikuja kumchukua, wanaume warefu watatu wenye fimbo. Aliwaaga wachezaji wenzake kwa kelele, akamshika mzee mkono mgonjwa kwa mkono wake mgonjwa, wakashindwa kuachana kwa sababu vidole vya wote wawili vilichelewa kufunguka. Baada ya hapo chumba kilikuwa kikubwa. Walicheza wawili, Tusekile akigawa kama siku zote, kete zikisikika juu ya mbao.

Daktari alirudi Jumatano. Alhamisi alasiri aliingia chumba cha mazoezi na faili chini ya kwapa, Sista nyuma yake, na Kalinga akasimama mlangoni kwa sababu zilikuwa kete zake. Tusekile alikwisha kukaa upande wake wa shuka.

"Mnacheza wangapi sasa?" Daktari aliuliza.

"Wawili," Sista akajibu. "Yule wa Usangu tulimruhusu."

"Vizuri. Mzee, unanisikia? Changanya mwenyewe, gawa mwenyewe. Watu wawili, saba saba. Hakuna atakayekusaidia."

Isakwisa alichanganya. Kwa mkono wa kulia, mtupu, alizizungusha kete za mninga zikanguruma juu ya meza. Kisha akaanza kugawa. Moja ikapita chini ya shuka kwa Tusekile. Moja kwake. Halafu akanyoosha mkono mpaka mwisho wa meza, pale alipokuwa akikaa Budeba, akaweka moja. Akarudi: moja kwa Tusekile, moja kwake, moja kule. Jasho lilimtoka. Kila safari ya kule mwisho ilimgharimu pumzi mbili, na hakuiruka hata moja. Mpaka zikatimia ishirini na moja.

Daktari akashusha pumzi. "Saba saba mara tatu. Nimemwambia wawili."

"Amesahau Budeba ameondoka," Kalinga alisema kwa huruma. "Maskini."

"Ndiyo. Anafanya alichozoea. Huko si kuelewa, Sista." Akafungua faili juu ya goti, akafungua kalamu.

Lakini Tusekile alikuwa anazitazama zile saba. Kete za Budeba zilisimamishwa siku zote kwenye kibao chenye mfereji, na kibao kilikuwepo pale pale, kitupu. Hizi zilikuwa zimelala. Zilikuwa zimelala kifudifudi kwa mstari mmoja, na mkono wa mzee, ule ule uliokuwa maiti wiki nne zilizopita, ulikuwa unazisukuma kwa ubavu wa kiganja zibanane, moja kwa nyingine, isibaki nafasi. Ulipomaliza ulibaki juu yake, umekunjuka, hautetemeki.

Alijua. Hakuna siku aliyowahi kujua kitu hivyo. Alikuja nalo kwenye basi, mzee wa watu, hana wa kumtuma, na hivi ndivyo alivyolifikisha. Jailos hakuwa anarudi, wala hakuwa na mwanamke mwingine. 

Na angeweza kunyamaza. Hilo nalo lilimjia, sina budi kulisema. Hakuna mwingine katika chumba kile aliyeisoma ile meza. Akinyamaza, Daktari ataandika, Jumatatu mzee atapandishwa gari kama mtu asiye na akili, na Jumapili mbele ya kanisa Jailos atakuwa hajambo, anawasalimu. Chumba chake kitabaki vilevile. Hatalazimika kuvaa nyeusi.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Daktari, usiandike."

Ule mkono juu ya kete ulishtuka. Miaka tisa, na ndiyo mara ya kwanza Isakwisa kusikia sauti ya mkamwana wake ikisema mbele yake.

"Hajakosea hesabu," Tusekile alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikaza. "Za kucheza ni za wawili. Zile saba ni za mume wangu. Amekufa. Kule Makongolosi alikochimba ndivyo wanavyomwekea aliyekufa. Hilo ndilo alilokuja kuniambia."

Kalamu ikainuka. Sista Apolonia alijishika mdomo.

"Lakini Tusekile," alisema polepole, "Jumapili si ulitupa salamu zake?"

"Niliwapa. Nilizitunga mwenyewe. Miaka mitano nazitunga."

 Daktari aliitazama ile safu ya kete, akalitazama shuka, akafunika kalamu yake. Kalinga, ambaye mikono yake haikuzoea kukaa bure na macho yake yalikuwa yamejaa maji, akasogea mwisho wa meza akainama kuzikusanya zile saba, azirudishe kwenye sanduku lake.

"Ziache, fundi," Tusekile alisema. "Amekufa, hajafukuzwa."

Nyuma ya shuka ikatoka sauti, si neno, ila ilikuwa ya mtu anayelilia mwanawe. Ikaendelea, kisha ikapungua. Wakangoja wote. Halafu mzee Isakwisa akagonga meza mara mbili, kwa mkono wa kulia.

Tusekile alifuta uso kwa kanga. Alizisimamisha kete zake kwenye mfereji, moja moja, akapitisha kidole kwenye matundu mpaka akaipata sita-sita, nzito kuliko zote. Akaisukuma chini ya shuka, na mchezo ukaanza.